Kopo linasema kweli na bado linakudanganya: niliyoongea na wenye maduka na wasindikaji pale Mwanjelwa

Kamwene jamani. Haya najua hapa ni Mbeya, basi ugonile, mimi mtu wa Iringa mtanivumilia lafudhi. Mheshimiwa diwani, bwana afya wetu wa kata, mama zangu wa vikundi vya usindikaji, wazee wangu wenye maduka ya jumla, na nyie wadogo zangu mliokaa karibu na mlango ili mkimbilie wateja, nawasalimu wote. (Nimeiandika karibu kama nilivoongea, kuna watu walikosa nafasi ukumbini wakaomba, na nimeongezea vitu viwili vitatu ambavyo muda ulinibana.)

Niseme mapema kabisa sijatumwa na TBS, lile shirika la viwango, wala ofisi yoyote. Kazi yangu ilikuwa ubora kiwandani, upande wa nyanya na matunda, sa hivi nafundisha vikundi, kwa hiyo wenye maduka msiniangalie hivo kama nimekuja kukagua mashelfu yenu.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema mada ni lebo feki. Mi nikamwambia mwenyekiti hiyo mada imeisha kabla haijaanza, maana lebo feki, yaani mtu kachapisha nembo ya watu akaibandika kwenye kopo lake, kila mtu anajua ni wizi, FCC, wale wa tume ya ushindani, wanajua, polisi wanajua, hata mwenyewe anajua ndo maana anaifanya usiku. Ninayotaka tuongee leo ni lebo ambayo ukiipitia neno kwa neno hukuti uongo hata mmoja, na bado mteja akifika nyumbani anakuta kanunua kitu kingine kabisa. Hiyo ndo inatuumiza wengi, na hiyo ndo serikali inapata shida nayo kuikamata.

Nimekuja na makopo mawili haya ya nyanya, nimeyabandua karatasi zake makusudi ili mtu asije kusema nimetaja brandi yake. Yote mawili yalikuwa na picha ya nyanya nyekundu inang'aa hadi unatamani kuing'ata. Na hii hapa ni iodini, ile ya kahawia ya kupaka kidonda, nimenunua duka la dawa hapo nje. Naweka kijiko cha kopo la kwanza kwenye kisosi, nakoroga na maji kidogo, nadondoshea iodini... mnaona, rangi imebaki vile vile ya iodini. Sasa la pili. Mama njoo usogee uone vizuri, usiogope. Imekuwaje? Eeeh, imekuwa bluu inakaribia nyeusi, kama wino. Huo ni wanga jamani. Iodini ikikutana na wanga inageuka hivo, iwe ni muhogo, mahindi au viazi, ndo tabia yake, watoto wa sekondari wanafanya hii maabara kila mwaka.

Sasa subirini kabla hamjaanza kupiga kelele, maana hapa ndo penyewe. Yule mwenye kopo la pili ukigeuza lebo yake nyuma, kwa maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, kaandika wanga kwenye viambato. Kaandika! Hajaficha. Kwa hiyo ukimpeleka popote atasema mimi nimesema ukweli, soma mwenyewe. Na wanga sio sumu, hakuna atakayekufa. Lakini mbele kaweka nini? Kaweka nyanya tupu, na jina kubwa linalomfanya mama anayepika mchuzi ajue hii ni nyanya iliyokamuliwa ikakaushwa maji. Huko kwenye viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, ile tume ya FAO na WHO iliyoanza 1963, nyanya nzito ya kopo ili iitwe pesti lazima vitu vinavyoyeyuka vya nyanya yenyewe vifike asilimia 24, chini ya hapo hadi 7 inaitwa piurii. Na wamesisitiza vya nyanya yenyewe kwa sababu kile kipimo chetu cha kiwandani, unadondosha tone kwenye kioo unachungulia unasoma namba, chenyewe hakijui nyanya wala nini, ukitia sukari namba inapanda tu inakupa hongera. Nimeona watu wakijivunia namba ya kile kipimo mpaka unawahurumia.

Afu huku kwetu inauma mara mbili. Pale Ilula, mliopita barabara kuu ya kwenda Moro mnapajua, msimu ukikubali nyanya inamwagwa barabarani, tenga linauzwa bei ya kuchekesha, mkulima anaangalia mali yake inaoza. Na Iringa hapo hapo kuna viwanda vya kusindika, Dabaga wapo miaka na miaka na wenzao wamefuata. Sasa anayetumia nyanya kweli kweli atashindanaje na anayetumia maji, wanga na rangi akaweka picha ile ile? Gharama hazifanani hata kwa mbali. Kizuri chajiuza kibaya chajitembeza walisema wazee, ila wazee hawakuona mashine za kuchapisha lebo za rangi.

Hii kitu watu wamehangaika nayo zamani sana, sio sisi wa kwanza. Marekani walitunga sheria yao ya chakula na dawa safi mwaka 1906, baada ya mkemia mmoja wa serikali, Harvey Wiley, kupiga kelele miaka na miaka, huyo mzee alikuwa anakusanya vijana wa kujitolea anawalisha chakula chenye dawa za kuhifadhia aone zinawafanya nini, unaweza kufikiria. Sheria ikapita, Rais Theodore Roosevelt akasaini. Watu wakadhani mambo yameisha. Wapi. Ikaja kesi ya siki ya tufaha. Kampuni imetengeneza siki kwa matufaha yaliyokaushwa, wanayaloweka tena kwenye maji, halafu lebo inasema ni siki ya tufaha iliyotengenezwa na matufaha teule. Wakasema sisi tumekosea wapi, si ni matufaha? Kesi ikapanda hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi, 1924, na kesi yenyewe jina lake Marekani dhidi ya mapipa 95, yaani serikali imeshitaki mapipa! (Wale sheria yao inaruhusu kushitaki mzigo wenyewe, sijui pipa lilijitetea vipi.) Majaji wakasema hivi kwa kifupi: hata kama kila neno lina ukweli wake, lebo ikimfanya mtu aamini kitu ambacho sicho basi imedanganya, na mwenye bidhaa hashindwi kuchagua maneno yasiyopotosha, akitaka anaweza.

Mimi hiyo kesi naipenda kuliko zote. Akitaka anaweza.

Na bado ujanja haukuisha, maana ile sheria ya 1906 ilikuwa na tundu, kama bidhaa ina jina lake la kipekee basi inapita. Ikatokea kitu inaitwa Bred-Spred, kwenye chupa inaonekana jamu ya stroberi kabisa, kumbe ndani hakuna stroberi hata moja, ni rangi, ladha ya kutengeneza, kitu cha kugandishia, na mbegu za nyasi ili ukitafuna usikie kama mbegu za stroberi. Mbegu za nyasi jamani! Na serikali haikuweza kuigusa kwa sababu haikujiita jamu, ilijiita Bred-Spred. Ndo wakakusanya vitu kama hivyo 1933 wakavipanga kwenye maonyesho watu wavione kwa macho, na 1938 sheria mpya ikapita.

Lakini kuna kimoja kilitokea katikati ambacho nataka nyie wasindikaji mkisikilize zaidi. 1930 walipitisha nyongeza ya sheria kwa ajili ya vyakula vya makopo tu, kwamba kopo likiwa chini ya kiwango sio lazima liteketezwe, linaruhusiwa kuuzwa ila lazima libandikwe kwa herufi za kuonekana kuwa liko chini ya kiwango cha Marekani, ubora hafifu ila sio haramu. Na unajua nani alisukuma hiyo sheria? Wenye viwanda vya makopo wenyewe. Walichoka kuuza mali nzuri pembeni ya takataka yenye picha nzuri kuliko yao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ukaguzi ni adui wa biashara mwambie inategemea biashara gani.

Sasa turudi nyumbani. Nani anakagua kopo hapa kwetu? Hapa watu wanachanganyikiwa na sishangai. Zamani chakula kilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Sheria ya fedha ya 2019 ikahamisha chakula na vipodozi kwenda TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba ikaitwa TMDA. Kwa hiyo ukiona mtu bado anakutishia na kitambulisho cha TFDA kwenye duka la vyakula huyo muulize vizuri ametoka wapi. FCC wao wana Sheria ya Ushindani ya 2003 na ile ya zamani ya Alama za Bidhaa ya 1963, hao ndo wa feki na udanganyifu kwa mlaji. Uzito ni Wakala wa Vipimo. Na bwana afya wa halmashauri anakuja kwenye usafi na vilivyoharibika. Kopo moja milango minne, mteja aliyedanganywa aanze wapi? Mheshimiwa diwani hili mlipeleke huko juu mnakokaa, wawe na namba moja inayoeleweka, mtu apige aseme kopo langu hivi na hivi, wao ndani kwa ndani wagawane wenyewe.

Kwenye uzito nikae kidogo kwa sababu hapo ndo hela inapopotea kimya kimya. Samaki wa kopo, mahindi machanga, uyoga, nanasi, chochote kinachokaa kwenye maji au supu yake, kiwango cha Codex cha lebo cha mwaka 1985 kinataka uandike na uzito wa chakula chenyewe ukishamwaga maji, sio uzito wa jumla peke yake. Tuseme kopo linasema gramu 425. Ukimwaga ile supu ukapima samaki ukapata 230 na mwenzake ukapata 300, bei ni ile ile, kopo ni lile lile, nani kakupa chakula? Wengi hatuangalii kabisa, tunatikisa tu kopo sikioni. Mzani mdogo wa jikoni unatosha, pima, andika, mwonyeshe aliyekuuzia. Nyie wa jumla mna nguvu ya kumwambia sapulaya huu mzigo wenye maji mengi sichukui, mteja wa sadolini moja ya unga hana hiyo nguvu.

Na jina la samaki nalo. Mnakumbuka, au hamkumbuki kwa sababu haikuwa kwenye taarifa ya habari yetu, Peru iliishitaki Ulaya kwenye Shirika la Biashara la Dunia kwa sababu ya neno dagaa wa kopo, yaani sadini. Ulaya walisema sadini ni samaki mmoja tu, yule wa bahari zao, Sardina pilchardus, wengine wote wasiitwe hivo. Peru wana samaki wao Sardinops sagax, wakasema kiwango cha Codex kinaturuhusu kuita sadini ilimradi tuseme ni sadini ya wapi au ya aina gani. Septemba 2002 Peru wakashinda. Mimi nachopenda pale ni lile suluhisho, jina litumie ila sema ni wa wapi, mteja aamue mwenyewe. Sasa msicheke Wazungu kugombania samaki, sisi hapa mchele wa Kyela je? Mchele umelimwa Mbarali, mwingine sijui umelimwa wapi huko, ukifika Dar wote unakuwa wa Kyela, gunia lile lile linajazwa mara tatu. Mtu wa Mbarali mchele wake mzuri tu, kwa nini asiuze kwa jina lake? Na mtu wa Kyela jina lake linaliwa na kila mtu. Ni dhambi ile ile ya sadini, tofauti gunia halina mfuniko.

Kuna jambo la maziwa ya kopo, naomba akina mama mnisikilize hapa, na akina baba mnaotumwa dukani pia. Kuna kopo ndani ni maziwa mazito yenye sukari. Na kuna kopo linafanana nalo rangi, ukubwa, hadi ng'ombe kwenye picha, ila mafuta ya maziwa yametolewa yakawekwa mafuta ya mimea, mara nyingi mawese. Yote halali kuuzwa, Codex wana kiwango chake kabisa tangu 2006, lakini lebo lazima iseme ni mchanganyiko na iseme haifai kwa watoto wachanga. Maandishi yapo, madogo, nyuma, na ng'ombe yupo mbele, mkubwa, anatabasamu. Mama ambaye maziwa hayatoki au bibi anayelea mjukuu anaona ng'ombe, anakoroga na maji ya moto anampa mtoto wa miezi miwili, mtoto ananenepa kwa sukari watu wanasema ana afya. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, yule yule aliyeeleza kwashiakoo kitaalam akiwa Ghana, aliongea kwa ukali sana Singapore mwaka 1939 kuhusu haya haya maziwa ya kopo yenye sukari yanavopigiwa debe kama chakula cha watoto wachanga, na alisema wazi kuwa vifo vile vihesabiwe kama mauaji. 1939! Na 1981 WHO wakapitisha kanuni ya kimataifa ya maziwa mbadala ya watoto, humo hata picha ya mtoto imekatazwa kwenye kopo la maziwa ya unga ya mtoto, kwa sababu waliona picha inaongea kuliko maandishi. Sasa mi najiuliza, picha ya mtoto tumeielewa, ng'ombe tunamwacha aendelee kutabasamu?

Hapo ndo naona wakaguzi wetu wangeanzia, kabla ya kuhangaika na kopo lililobonyea.

Ila kubonyea na kuvimba nako nitaje maana kila mtu ananiuliza. Kopo lililovimba usilifungue, usilionje, usimpe mbwa. Lililobonyea kwenye ubavu kidogo sawa, kwenye maungio au kwenye mshono hapana. Na kutu ya kufutika kwa kitambaa sio sawa na kutu iliyokula bati. Basi, hilo halihusiani na lebo, tuendelee.

Mistari ya bakodi. Kuna kijana aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba bakodi ikianza 620 basi bidhaa imetengenezwa Tanzania, anachagua hivo. Hapana mdogo wangu. 620 inamaanisha namba imetolewa na ofisi ya Tanzania ya GS1, wale wagawaji wa namba za bakodi, kampuni imejiandikisha hapa, lakini mzigo wenyewe unaweza kuwa umejazwa popote duniani ukabandikwa. Pa kuangalia ni pale palipoandikwa nchi ya asili na jina la aliyetengeneza au aliyeingiza pamoja na anuani. Kama jina la mwingizaji halipo hiyo ndo dalili mbaya kuliko namba yoyote. Na tarehe, angalia iliyogongwa kwenye bati, chini au kwenye mfuniko, linganisha na ya kwenye karatasi. Ya wino kuna watu wanaifuta kwa thina wanagonga nyingine, harufu ya thina wakati mwingine bado ipo kwenye boksi.

Nikija kwenu sasa wasindikaji, msidhani nimewasahau, mmekuwa mkitingisha vichwa muda wote kama vile tunaongelea watu wengine. Lebo zenu mnachapisha wapi? Stesheneri. Yule kijana wa stesheneri ana faili moja kwenye kompyuta, anabadilisha jina na namba ya simu, kwa hiyo achari ya mama huyu, jamu ya kikundi kile na asali ya mzee fulani zote zina gramu 500, zote zinadumu miezi 12, na zote ni asilia asilimia mia. Umepima wewe chupa yako? Hiyo miezi 12 umeitoa wapi, umekaa nayo miezi 12 ukaona? Kuna mama aliniambia kwa utulivu kabisa, mwalimu nimeona wengine wameandika hivo.

Na kuna yale ya kuandika inatibu presha, inatibu kisukari, inaongeza nguvu za kiume. Ukishaandika inatibu umeshatoka kwenye chakula umeingia kwenye dawa, na Codex kwenye mwongozo wake wa madai ya lebo wanakataza kabisa chakula kujiita tiba. Mkaguzi akikukuta na hiyo wala hahitaji maabara, anasoma tu.

Halafu huku kwetu juu kuna hatari nyingine ambayo kitabu cha mapishi cha pwani hakikwambii. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, hayafiki 100. Wale wadudu wa botulizimu, sumu ya chakula inayoua, mbegu zao zinakufa kwenye nyuzi 121, unazihitaji kama dakika tatu kamili katikati ya chakula, na hiyo unaipata kwenye mashine ya presha tu, tunaiita retoti. Jamu na achari zinajitetea kwa asidi na sukari. Ila maharage ya chupa, nyama ya chupa, mahindi, ukichemsha kwenye sufuria hata masaa mengi hapa Mbeya bado huna uhakika umeziua hizo mbegu, na ukabandika lebo inayosema imeandaliwa kitaalam hudumu mwaka mmoja, wewe na yule wa nyanya za wanga wewe ndo wa kuogopwa zaidi. Yeye kala hela ya mtu. Wewe unaweza kumtoa mtu roho.

Msikate tamaa lakini. Kama ni mjasiriamali mdogo nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho, upeleke TBS, gharama za kupata alama ya ubora serikali inakusaidia kuzibeba mwanzoni. Ofisi ya kanda ipo hapa hapa Mbeya, huna haja ya kupanda basi usiku kwenda Dar. Watu wanaogopa kwenda kwa sababu wanadhani wakijitokeza watakamatwa, bora uende mwenyewe na chupa yako mkononi kuliko wakukute Nane Nane pale John Mwakangale mbele za wateja.

Sasa nimalizie na ukaguzi wenyewe, hapa bwana afya ataniwia radhi. Mnavokuja mnaanzia rafuni. Gari linapaki, makopo yanabebwa, mwenye duka anapigwa faini, mzigo unaenda dampo unapondwa na greda, kamera zinapiga picha, jioni tunaona kwenye simu. Aliyeingiza kontena zima yuko wapi? Hajaonekana kwenye picha hata moja. Mwenye duka la mtaani Ilemi au Kabwe kanunua katoni mbili kwa risiti, kiingereza cha nyuma ya kopo hakimuhusu, hana maabara, hana iodini. Mimi sisemi asiguswe, akiwa kafuta tarehe kwa thina huyo mkamateni. Ila kama lebo ilikuja hivo kutoka kiwandani, kopo lina bechi namba, yaani namba ya fungu lililotengenezwa pamoja, bechi namba ina mwingizaji, mwingizaji ana anuani na leseni, pandeni nayo hiyo ngazi. Afrika Kusini Julai 2021 Tiger Brands waliita makopo yao ya mboga kama milioni 20 yarudi, kosa lilikuwa mshono wa ubavuni haukuchomewa vizuri, na waliweza kusema ni yaliyotengenezwa kati ya Mei 2019 na Mei 2021, hayo tu. Ni namba zile ndogo zilizogongwa kwenye bati ndo zilifanya kazi. Kwetu tangazo linasema bidhaa fulani isiuzwe, basi, mwenye duka hajui ni ya lini, anaondoa zote au haondoi hata moja, na mara nyingi haondoi. Tangazeni bechi, kwa Kiswahili, redioni, kwenye magrupu ya wasapu ya wafanyabiashara. Na mkichukua mzigo wa mtu mwandikieni karatasi inayosema mmechukua nini, kiasi gani na kwa kosa lipi, ili na yeye akamdai aliyemuuzia.

Haya maswali. Mama wa kitenge cha kijani uliuliza tangu mapema kuhusu katoni zako zilizoandikwa lugha ambayo huijui, si Kiswahili si Kiingereza, umenunua kwa mtu Tunduma. Kiwango cha lebo cha Afrika Mashariki, EAS 38, kinataka lugha ambayo mlaji wa hapa anaielewa, na kama asili yake ni lugha nyingine inabandikwa stika ya ziada yenye maelezo yote ya lazima. Stika hiyo sio kazi yako wewe wala ya kijana wa stesheneri, usije ukajitungia viambato mama yangu. Usiziuze. Zitenge pembeni ya stoo, andika kwenye boksi haziuzwi, piga picha mfuniko ionekane bechi namba, mpigie aliyekuuzia umwambie alete stika kutoka kwa mwingizaji au achukue mzigo wake, ujumbe uwe wa maandishi uwe na ushahidi. Akizungusha peleka TBS mwenyewe na risiti. Na risiti usiikunje tu kwenye droo, hizi karatasi za mashine zinafutika maandishi ukizikalisha, piga picha leo leo ukitoka hapa.